Herufi Zilizochelewa Kurudi

Waliowahi kutumia modemu za kupiga simu, vile vifaa vya kuunganisha kompyuta na laini ya simu, wakikutana, mazungumzo huwa ya kasi: faili lililochukua usiku kucha, picha iliyoshuka mstari mmoja mmoja kuanzia juu. Mimi kilichonikaa ni kitu kingine, kwa sababu kazi yangu haikuwa ya kushusha mafaili. Nilikuwa nikisimamia kompyuta zilizo mbali, kwa maandishi matupu kwenye skrini nyeusi. Katika kazi ya aina hiyo, herufi unayobonyeza husafiri hadi kompyuta ya mbali, na ile unayoiona kwenye skrini ndiyo iliyorudishwa kutoka huko. Ukibonyeza usione kitu, hujui kama herufi imefika, imepotea, au bado iko njiani. Siku ilikuwa njema au mbaya kulingana na muda huo wa kwenda na kurudi, na kasi iliyochapishwa kwenye boksi la modemu haikunisaidia kuutabiri.

Mwaka 1990, mtaalamu wa mitandao Van Jacobson alipoandika namna ya kubana vichwa vya pakiti za TCP, yaani maelezo yanayotangulia kila kifurushi cha data cha kanuni hiyo ya intaneti, kwenye laini za polepole, alieleza kwamba mtu anayechapa huanza kukereka pale herufi inapochukua zaidi ya milisekunde 100 hadi 200 kuonekana. Mimi nilikuwa naishi hapo hapo mpakani. Laini ikiwa safi, herufi ilirudi kwa milisekunde kama 150, na vidole vikazoea. Ikichafuka, ilirudi kwa 150, 150, 160, ghafla 900, halafu 150 tena, kisha ikaganda kwa sekunde mbili nzima. Ukipiga wastani, hauogopeshi. Kilichochosha ni kutojua. Mtu anaweza kuzoea ucheleweshaji ulio sawa kila mara, akachapa akijua skrini itamfuata. Kitu kinachobadilika kila baada ya neno hakizoeleki.

Na ujumbe wa modemu ulikuwa hausemi lolote kuhusu hilo. Modemu nyingi, zikiunganisha, ziliandika CONNECT 115200, na wenye modemu wakajisifu. Hiyo ni kasi ya waya mfupi kati ya kompyuta na modemu. Ilibidi uiamuru, kwa baadhi ya modemu kwa ATW2, ndipo ikutajie kasi ya laini yenyewe. Hata hiyo ni kasi waliyokubaliana wakati wa kusalimiana, zile sekunde za mwanzo za milio na mivumo. Kinachotokea baada ya hapo ni habari nyingine.

Hesabu ndiyo iliyonitoa gizani. Pakiti ndogo ya pingi, ule ujumbe mfupi wa kupima muda wa kwenda na kurudi, yenye baiti 32, ukiiongezea vichwa vyake, inafika baiti 60, yaani biti 480. Kwa kasi ya biti 28,800 kwa sekunde, hizo zinapita kwa milisekunde 17 hivi. Kwenda na kurudi ni 34. Ongeza milisekunde 5 hivi kila pakiti inapopita kwenye waya wa siriali, ule mfupi wa kati ya kompyuta na modemu, wa 115,200, bado hujafika hata nusu ya 150. Zilizobaki, kwa sehemu kubwa, ziko ndani ya modemu zenyewe. Modemu hupokea sauti, huipitisha kwenye vichujio vya kuondoa mwangwi na kunyoosha upotofu wa laini, husubiri kidogo sauti ya baadaye ili iamue vizuri kuhusu ya sasa, halafu hukusanya baiti mpaka fremu, yaani kifungu kimoja cha baiti, itimie ndipo iikague. Kila hatua inakula milisekunde zake, modemu ziko mbili, na kila moja inapitiwa wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Gharama hiyo unailipa hata kwenye waya mzuri kuliko zote duniani. Ndiyo maana aliyehama kutoka modemu ya 14,400 kwenda ya 28,800 aliona faili linashuka kwa nusu ya muda, ila pingi yake ikapungua kidogo tu.

Basi zile 150 nikazikubali. Nililotaka kujua ni 900 zinatoka wapi.

Enzi za modemu za biti 1,200 na 2,400 zisizosahihisha makosa, laini mbovu ilijitangaza yenyewe. Mkwaruzo ukipita, skrini ilijaa takataka: mabano, vijimawimbi, herufi zilizochomekwa katikati ya neno bila maana. Ilikuwa kero, lakini angalau uliiona kwa macho. Baadaye zikaja kanuni za MNP na kisha V.42, ambazo modemu mbili huzitumia kukagua kila fremu na kuomba iletwe upya ikiwa imeharibika. Takataka zikatoweka, na wengi wakadhani laini zimepona. Kelele ilikuwa ileile. Modemu ilikuwa imeigeuza kuwa kusubiri. Sijui jambo lingine kuhusu modemu lililonisaidia zaidi ya hili: kwenye laini mbovu yenye usahihishaji hupotezi herufi, unapoteza muda, na muda huo unaopotea ndio mkwaruzo wenyewe, umevaa nguo nyingine.

Tazama kinachotokea ndani. Kwa kawaida V.42 hubeba hadi baiti 128 kwenye fremu moja, na modemu inaruhusiwa kuwa na hadi fremu 15 zilizotumwa ambazo bado hazijathibitishwa. Fremu iliyojaa, kwa 28,800, inachukua milisekunde 36 hivi. Sasa upite mkwaruzo wa milisekunde 10, ule ambao anayezungumza na simu anausikia kama "tk" na kuusahau hapo hapo. Unafuta karibu biti 288, na fremu yoyote iliyoguswa inatupwa nzima. Modemu inayopokea inaliona pengo pale fremu inayofuata inapofika ikiwa na namba isiyotarajiwa. Inaomba kurudiwa. Inayotuma, kwa utaratibu wa kawaida, inarudi nyuma hadi kwenye fremu iliyoharibika na kutuma tena kila kitu kuanzia hapo, pamoja na fremu ambazo zilikuwa zimefika salama. Kama fremu zote 15 zilikuwa njiani, hiyo ni zaidi ya nusu sekunde ya kazi inayorudiwa. Na kwa kuwa V.42 haitoi baiti ya pili kabla ya ya kwanza, herufi yako ambayo haikuguswa na kelele yoyote inakaa foleni nyuma ya kipande cha barua pepe uliyokuwa ukiishusha pembeni.

Mwenye shida kubwa zaidi, hata hivyo, ni yule anayechapa herufi moja moja bila kitu kingine kwenye laini. Fremu ya herufi yake ikiharibika, hakuna fremu nyuma yake ya kulifichua pengo. Upande wa pili haujui kwamba kuna kitu kilitakiwa kufika. Kinachomwokoa ni saa ya modemu iliyotuma: isipopata uthibitisho kwa muda fulani, inauliza. Muda huo unawekwa na mtengenezaji, na kwa usalama unawekwa mrefu kuliko safari ya kawaida mara kadhaa. Hapa ndipo kilipofumbuka kitendawili kilichokuwa kikinisumbua, kwamba laini ileile inashusha faili kubwa bila tatizo, halafu inaganda kwa amri ya herufi mbili. Faili lina fremu zinazofuatana bila kukatika, kosa linagunduliwa papo hapo. Herufi iko peke yake. Tangu nilipolielewa hilo sikupima tena laini kwa kushusha faili. Nilipima kwa pingi ndogo zinazoachana kwa sekunde moja, na nikatazama zile ndefu kabisa, si wastani.

Juu ya haya yote kuna TCP, ambayo haijui lolote kuhusu modemu. Inaona jibu limechelewa kupita kawaida, inadhani pakiti imepotea njiani, inatuma nakala. Nakala inaingia kwenye foleni ileile iliyokwama. Laini ikifunguka, inabeba kitu kimoja mara mbili.

Kelele ikizidi kabisa, modemu huacha kurudia fremu na kuanza kujifunza laini upya. V.34, kanuni ya modemu za 28,800, ina njia fupi ya kukubaliana kasi nyingine, na ina njia ndefu ya kupima laini tangu mwanzo. Ile ndefu inachukua sekunde kadhaa, na katika muda huo hakuna baiti hata moja inayopita. Ukiona pingi kadhaa mfululizo hazijibiwi, halafu zinarejea kana kwamba hakuna kilichotokea, kuna uwezekano mkubwa ni hiyo. Mara nyingine laini ilikatika tu sekunde moja na nusu, mathalani kwa mlio wa kukujulisha kwamba kuna mtu mwingine anakupigia, na modemu ikakata simu. Rejista ya S10 ndiyo inayoamua ivumilie kwa muda gani kabla ya kukata. Kwenye modemu nyingi ilitoka kiwandani ikiwa 14, maana yake sekunde 1.4. Kuiongeza hakuondoi kelele, lakini kunakuepusha kupiga simu upya na kusalimiana upya, na kwa anayefanya kazi hiyo ni nafuu kubwa. Huduma hiyo ya simu inayosubiri, kwa maoni yangu, ilistahili kuzimwa kabla hata ya kugusa modemu.

Kwa nini waya uleule ubebe sauti ya mtu vizuri halafu uitese modemu? Mtandao wa simu ulijengwa kupitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, basi. Mwanahisabati Claude Shannon alionyesha mwaka 1948 kwamba idadi ya biti unazoweza kupitisha bila makosa ina dari, na dari hiyo inategemea upana wa masafa na jinsi ishara inavyoizidi kelele. Chukua upana wa hezi 3,100, ishara izidi kelele kwa desibeli 35: unapata biti 36,000 kwa sekunde. Ishuke hadi desibeli 25, unabaki na chini ya 26,000. Wewe unayezungumza na mwenzako huenda usione tofauti yoyote kati ya laini hizo mbili. Modemu inayojaribu 28,800 kwenye laini ya pili inadai kisichowezekana. Na 33,600, kasi ya juu ya V.34 baada ya kuongezwa mwaka 1996, iko karibu sana na dari hata kwenye laini nzuri.

Modemu ya V.32bis, ile ya 14,400, ilituma alama 2,400 kwa sekunde, yaani maumbo ya sauti, kila alama ikibeba biti 6. V.34 ikienda 28,800 kwa alama 3,200 inabeba biti 9 kwa kila moja. Maana yake modemu inayopokea lazima itofautishe mamia ya alama zinazokaribiana, ambapo ya zamani ilitofautisha chache zaidi zilizoachana. Ni kama kumsikiliza mtu anayesoma namba kwenye chumba chenye watu wengi: akitaja tarakimu moja moja kwa kutulia utazipata zote, akizimwaga haraka utamwambia arudie, na kila anaporudia muda unakwenda. Kanuni ya mkato niliyokuja kuitumia ni kwamba kila biti moja ya ziada kwenye alama inadai desibeli kama 3 zaidi za usafi.

Kuna uharibifu ulio mbali na mikono yako. Waya mrefu hunyonya masafa ya juu kuliko ya chini. Kwenye laini ndefu makampuni yaliweka koili kila baada ya umbali fulani ili sauti isififie, na koili hizo hukata ghafla masafa ya juu kidogo tu ya yale ya sauti, kwa hiyo V.34 inakosa nafasi ya kutumia alama zake 3,429 kwa sekunde. Kuna pia matawi ya waya yaliyoachwa yakining'inia bila kuunganishwa na simu yoyote. Ishara inaingia humo, inagonga mwisho, inarudi ikiwa mwangwi. Haya ukiyagundua, unayajua tu. Huna la kuyafanya.

Yaliyo ndani ya nyumba ni mengine, na hapo ndipo nilipopata nafuu kubwa kuliko kwenye amri zote za modemu. Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Inua mkono wa simu, bonyeza tarakimu moja ili mlio wa laini unyamaze, usikilize kabla ya kituo kukuchoka na kuanza kupiga kelele zake. Laini nzuri iko kimya kiasi kwamba unajiuliza kama imekatika. Ukisikia mvumo mzito wa chini, huo ni umeme wa nyumbani. Nyaya mbili za simu zimesokotwa pamoja ili usumbufu uziguse zote mbili kwa kiasi kimoja na kufutana mwishoni. Mvumo ukisikika ina maana nyaya hizo haziko sawa tena, moja ina kiungo dhaifu au inavujisha kwenda ardhini. Ukisikia mchakacho usio na mpangilio, fikiria kutu au maji kwenye kiungo, hasa kama unazidi mvua ikinyesha. Ukisikia redio kwa mbali, kuna waya mahali unaofanya kazi ya antena.

Halafu chomoa kila kitu. Simu ya chumbani, mashine ya kupokea ujumbe, faksi, kengele ya ziada. Ipeleke modemu kwenye soketi ya kwanza kabisa, pale laini inapoingia nyumbani, ukaipime ikiwa peke yake. Kama zile 900 zimetoweka, hitilafu ni yako na si ya kampuni, na unaweza kurudisha vifaa kimoja kimoja hadi mkorofi ajulikane. Kwangu alikuwa ule waya bapa wa kurefusha simu, ambao nyaya zake zimelala sambamba bila kusokotwa, ukiwa umepitishwa ukutani bega kwa bega na waya wa taa. Sauti ya mtu haikuwahi kulalamika juu yake. Nilipouondoa na kuweka uliosokotwa, mvumo ulipungua na modemu ikaacha kuganda kila taa ilipowashwa. Ilibaki inaganda siku za mvua.

Hapo nikahitaji fundi. Alipanda nguzoni, akachomeka simu yake ya kupimia, akapiga, akasikiliza.

"Ndugu, mbona laini yako nzima? Mimi nasikia vizuri kabisa."

"Fundi, modemu inaganda mvua ikinyesha."

"Ah, modemu. Mambo ya modemu hayo si yetu. Sisi tunakupa simu ya kuzungumzia."

Alikuwa na haki. Laini za kawaida ziliuzwa kwa ajili ya sauti ya mtu, na sauti ya mtu inasamehe mengi. Jambo nililojifunza kwake, bila yeye kukusudia kunifundisha, ni kutolitaja tena neno modemu mbele ya fundi wa simu. Lalamikia mkwaruzo unaosikika kwa sikio, na ulalamike mvua ikiwa inanyesha. Jambo la pili nililijua baadaye, na linaeleza kwa nini mafundi wengi huondoka wakiamini mteja anaota. Kiungo chenye kutu kinaweza kupata nafuu ya muda simu ikilia, kwa sababu umeme wa kuipigisha kengele ni mkali zaidi kuliko ule wa kawaida wa laini na hupenya ule utando wa kutu. Fundi anapiga simu kupima, kengele inalia, kiungo kinapona kwa saa kadhaa, laini ni nzima. Akiondoka, kutu inarudi kazini. Fundi wa pili, mzee aliyekuwa na kifaa cha kupima badala ya sikio peke yake, alikifungua kiungo na kukikuta kijani.

Kati ya fundi wa kwanza na wa pili ilibidi niendelee kufanya kazi, na hapo ndipo nilipoanza kuizuia modemu isikimbie. Amri ya AT+MS huiambia modemu kanuni gani itumie na kasi gani isiipite; AT+MS=V34,1,300,24000 iliniwekea dari ya 24,000 ambapo modemu yenyewe, ikiachwa, ilikubali 28,800. Wenzangu waliniona mtu wa ajabu: kila mtu anatafuta kasi, mimi naitupa. Lakini tazama gharama. Ile pakiti ya baiti 60 inapita kwa milisekunde 20 badala ya 17. Kwenda na kurudi nimepoteza kama milisekunde 7, kiasi ambacho kidole hakiwezi kukihisi. Nilichonunua kwa hizo 7 ni biti moja na nusu kila alama, sawa na desibeli nne na kitu za nafasi ya kupumulia. Mikwaruzo midogo haikuharibu tena fremu, ile mikubwa ikabaki michache. Pingi zangu zikawa 155, 155, 160, 155. Kawia ufike, wahenga walisema, ingawa hapa hata kukawia kwenyewe hakukuonekana.

Ukitaka kujua dari yako iko wapi, iulize modemu baada ya simu. Zile za USRobotics zilijibu kwa ATI6 na ATI11, zenye chipu za Rockwell kwa AT&V1: kasi ya mwanzo, kasi ya mwisho, mara ilizojifunza upya, fremu zilizorudiwa. Kama kasi ya mwisho iko chini ya ya mwanzo, modemu imeshakuambia kwamba ilianza na matumaini makubwa mno. Anza nayo kwenye ile ya mwisho. Na kama hesabu ya fremu zilizorudiwa ni sifuri lakini bado unaganda, iache laini kwanza. Angalia waya wa siriali. Chipu za zamani za mlango wa siriali zilishika baiti moja tu kwa wakati, na kompyuta ikichelewa kuichukua, baiti inayofuata inaifuta. Chipu ya 16550A ilikuwa na akiba ya baiti 16. V.42 inalinda laini ya simu tu. Kilichopotea baada ya modemu kinaonekana kama laini mbovu wakati laini haina kosa.

V.90, kanuni ya modemu za 56,000, ilipokuja mwaka 1998, wengi walitegemea kwamba mambo ya kusubiri yamekwisha. Ilikuwa kazi ya akili sana. Mtandao wa simu ndani yake ni wa kidijitali, unasoma sauti mara 8,000 kwa sekunde, biti 8 kila mara, biti 64,000 kwa jumla. Mtoa huduma akiunganishwa kidijitali moja kwa moja, sauti inabadilishwa kuwa ya analogi mara moja tu, karibu na nyumba yako, na nafasi kubwa zaidi inapatikana. Lakini nafasi hiyo ni ya kushuka tu, hadi 56,000. Kupanda ulibaki na V.34. Herufi yangu ilikuwa inapanda kwa njia ileile ya zamani. Majibu marefu yalimwagika haraka, hilo sikatai. Herufi moja moja haikubadilika. Na V.90 ilikuwa nyepesi kuudhika. Kama njiani kuna kifaa kinachobadilisha sauti kwa mara ya pili, mfano vile vinavyogawa jozi moja ya waya kwa nyumba mbili, haifanyi kazi kabisa. Penye laini ya wastani ilijifunza upya mara kwa mara kuliko V.34. Wapo walioniambia 44,000 yenye kuganda ni bora kuliko 26,400 iliyotulia, na kwa mtu anayeshusha mafaili usiku nitakubaliana nao. Kwa mchana wangu, niliirudisha kwenye V.34.

Ukubwa wa pakiti nao una neno. Pakiti ya baiti 1,500 kwa 28,800 inaishika laini kwa milisekunde 417, na herufi inayoingia nyuma yake itasubiri zote. Ukiishusha hadi 576, kusubiri huko kunakuwa 160. Kwenye laini mbovu faida ni mara mbili, kwa kuwa kipande kidogo kina nafasi kubwa zaidi ya kupita kati ya mkwaruzo na mkwaruzo. Wacheza michezo walikwenda mbali zaidi, wakazima V.42 yote pamoja na ubanaji wa data, ili pakiti isisubiri kukaguliwa wala kurudiwa. Kwenye laini safi ilikuwa busara, mchezo unaweza kupoteza pakiti moja na kuendelea. Mimi nilijaribu hilo kwenye laini yangu ya mvua, na kazi ya kurudia ikahamia kwa TCP, ambayo saa yake ni ndefu kuliko ya modemu. Nikairudisha siku hiyo hiyo.

Mashine za kulipia kwa kadi kwenye laini za simu zilikuwa zimelijua kitambo hili la kuacha kasi ili kupata utulivu. Nyingi zilitumia V.22, biti 1,200 kwa sekunde, miaka mingi baada ya modemu za 33,600 kuwa bei rahisi, na watu walizicheka. Ujumbe wa kuidhinisha malipo ni mdogo. Baiti 200 ni biti 1,600, sekunde moja na theluthi kwa kasi hiyo. Salamu ya V.22 inamalizika kwa sekunde chache, na alama zake zimeachana kiasi kwamba mkwaruzo unaoiangusha modemu yangu hauigusi. Ya V.34 inahitaji kama sekunde kumi, ya V.90 zaidi, kabla baiti ya kwanza haijaondoka. Mashine inakuwa imeshapiga, imeuliza, imejibiwa na kukata simu wakati modemu ya kasi bado inapima waya.